TAHADHARI: Usinunue "rekodi za mahakama" mtandaoni kabla hujampigia karani

Ndugu zangu mlioko Marekani, nimeshatapeliwa, msifuate nyayo zangu.

Nilihitaji nakala ya hukumu yangu ya talaka ili nirudishe jina la ubini wangu kule Social Security, ofisi ya serikali ya hifadhi ya jamii. Fotokopi hawapokei, wanataka hati halisi au nakala iliyothibitishwa na ofisi iliyoitoa. Nikatafuta kwenye simu, na cha kwanza kutokea kilikuwa tangazo: mizani, bendera, na jina la kaunti yangu kwa herufi kubwa. Nikajaza jina langu. Ukaja mstari unaojaa taratibu, eti wanapekua majalada, dakika tano nzima, halafu: "Tumepata kesi 3!" Moyo ulinipasuka. Mimi kesi ninayo moja tu! Hofu hiyo ndiyo iliyonitoa kadi mfukoni.

Nilicholetewa ni anwani nilizohama zamani na makosa mawili ya barabarani ya mtu mwingine tuliyefanana majina. Hukumu hakuna, muhuri hakuna. Mwezi uliofuata wakakata tena pesa kwenye kadi, kumbe kwenye vile vijiandishi vya chini nilikubali "uanachama". Hapohapo wameandika pia kwamba wao si ofisi ya serikali.

Nikampigia karani wa mahakama. Akauliza majina yetu wawili na mwaka wa talaka. Namba ya kesi sikuwa nayo, akaitafuta mwenyewe. Nikalipa ada, nakala yenye muhuri ikaja kwa posta. Basi.

Talaka, mirathi, madai madogo, kufukuzwa nyumba: hizo ni kesi za mahakama za jimbo, na kwa kawaida jalada linakaa kwa karani wa kaunti kesi ilikofunguliwa, hata kama umeshahama. Majina ya mahakama hizo ndiyo yanayotuchanganya. California ni Superior Court, Florida ni Circuit Court, Pennsylvania ni Court of Common Pleas, na New York talaka inaanzia Supreme Court, ambayo licha ya jina hilo siyo ya juu kabisa huko. Matapeli wanakula hapo kwenye mkanganyiko.

Kuangalia tu mwenendo wa kesi mara nyingi hakuna malipo. Wisconsin na Maryland, kwa mfano, wana tovuti za mahakama zenyewe, unatafuta kwa jina bure. Kesi za shirikisho, kama kufilisika, ziko PACER, mfumo wa mtandaoni wa mahakama za shirikisho zenyewe: senti 10 kwa ukurasa, hati moja haizidi dola 3, na matumizi yakiwa dola 30 au chini kwa robo mwaka, hudaiwi kitu.

Anayekuahidi majalada ya kesi za watoto au za kuasili mtoto, mkimbie. Kwa kawaida hayo yamefungwa, na New York hata jalada la talaka huonyeshwa wahusika na mawakili wao tu.

Kama umeshalipa, futa uanachama kwa maandishi, piga picha ya skrini, pinga makato benki, omba kadi mpya, kisha ripoti reportfraud.ftc.gov, tovuti ya serikali ya kuripoti utapeli. Mimi benki imenirudishia makato ya pili tu. Ya kwanza walisema niliyaidhinisha mwenyewe.