Koili 20 za fundi redio, nyuma ya Soko la Majengo, Dodoma

Nilifika na orodha ya utafiti wangu wa uzamili: koili 20 za mikrohenri 10, kapasita 10 za mikrofaradi 0.1 na nyingine 11 za 0.22. Nikatoa "mbukwa", salamu ya Kigogo, mbovu ya mtu wa kuja. Mzee akaisoma orodha mara mbili. "Mwanangu, redio gani hii isiyo na spika?"

Si redio. Ni mnyororo wa kapasita ndogo na kubwa zinazopokezana, unaoiga modeli ya wanafizikia Su, Schrieffer na Heeger ya 1979, ya elektroni kwenye mnyororo wa molekuli. Kwenye modeli hiyo, ukigeuza kushoto kuwa kulia mnyororo unabaki uleule, basi polaraizesheni (kiasi chaji ilivyosogea upande mmoja) haina uhuru: ni sifuri au nusu ya chaji ya elektroni, hakuna katikati. Kwenye ubao wangu hakuna elektroni za kuhesabu. Dalili ya ile nusu ni impedansi (jinsi sakiti inavyouzuia umeme wa kubadilika) kupanda ghafla kwenye ncha mbili, karibu na kilohezi 89.

Shida ni kwamba waya wa koili una ukinzani, nishati inapotea kwa joto, na hapo mfumo hauko tena wa Hermite, yaani hautunzi tena nishati yake. Upotevu ukiwa sawa kila mahali, ule ulinganifu wa kushoto na kulia haujaguswa. Kilele kinanenepa tu. Koili za upande mmoja zikipoteza zaidi, ulinganifu huo unavunjika na hauilazimishi tena nusu ibaki nusu.

Ndiyo maana nampa mzee huyu nyota nne kati ya tano. Alimwaga kopo zima la koili juu ya gazeti, akaniazima mita, akaniacha nichambue moja moja tangu saa nne hadi adhuhuri. Duka la mtandaoni nililoagiza mwanzo liliniletea koili za ukinzani tofauti kabisa, mfuko mmoja! Za mzee ni za kuchomoa kwenye redio mbovu, lakini nilipata 20 zinazokaribiana, na impedansi imepanda kwenye ncha zote mbili.

Nyota ya tano imeliwa na risiti. Mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, hana, na chuoni hawarudishi hela bila karatasi. Bei nayo inafuata sura: mimi shilingi 500 kwa koili, mwenzangu kesho yake 800.

Kapasita za 0.22 zilikuwa zimebaki 11 tu. Nilizihitaji zote, mbili zikiwa za kwenda ardhini (waya wa sifuri wa sakiti) kwenye ncha, kwa hiyo sikumwachia hata moja. Anayezitaka asubiri mzigo wa Dar.