Mtaa wa sanaa wa Dallas: njoo na viatu vya kutembelea

Waswahili wengi ninaowafahamu hapa Dallas hupita kando ya Dallas Arts District wakienda kazini, na hawajawahi kuingia hata jengo moja. Wanaona vioo, mawe meupe na mlinzi mlangoni, wanajiambia humo lazima tutadaiwa pesa. Basi nawaambia wazi: mengi yaliyo mazuri mtaani hapa hayalipiwi.

Kwanza gari, liacheni nyumbani. Maegesho ya chini ya ardhi yatakula pesa ya chakula cha mchana cha watoto. Mkiwa Vickery Meadow, pandeni treni ya DART pale Park Lane, mshuke kituo cha Pearl/Arts District, kisha mtembee dakika chache. Anayetokea Uptown ana ile tramu ya kizamani ya M-Line, isiyotoza nauli. Watoto wangu wangeridhika na tramu hiyo peke yake, warudi nyumbani.

Anzieni Dallas Museum of Art, jumba la makumbusho ya sanaa. Tangu mwaka 2013 kuingia ni bure, ila maonyesho maalumu yana tikiti yake. Mimi hupanda moja kwa moja hadi kwenye vyumba vya Afrika. Kuna nkisi nkondi ya kabila la Wakongo, mtu wa mti aliyepigiliwa misumari na vyuma mwili mzima. Kila chuma ni neno la watu: kiapo kilichoapwa, ugomvi uliosuluhishwa, ombi la kulindwa. Nilikwenda na mama mmoja wa Uvira ninayefanya naye kazi. Aliitazama kwa muda, akaniambia, "Dada, hii si ya kwetu Kivu, hii ni ya watu wa kule chini, karibu na bahari." Kisha akawaeleza wanangu kwamba Kongo ni pana, na kutoka kwao hadi kwa hao Wakongo wa pwani ni safari ya siku nyingi. Kibandiko ukutani hakikuwa na hayo. Nendeni na wazee wenu, mtajifunza zaidi.

Ng'ambo ya barabara ya Harwood kuna Nasher Sculpture Center, makumbusho ya sanamu, na hapa mtatoa kiingilio. Toeni tu. Msanifu Renzo Piano alilijenga mwaka 2003, akaliezeka kwa vioo vilivyofunikwa wavu wa vijitundu vya alumini vinavyotazama kaskazini, ili mwanga uingie na jua kali libaki nje. Ukisimama ndani saa sita mchana wa Julai huoni kivuli kikali popote, sanamu zote zinaonekana kama zimetolewa nje asubuhi na mapema. Baadaye likajengwa jirani yake ghorofa refu la vioo, Museum Tower, likawa linarudisha jua kwenye bustani na kupenya kwenye paa lile. Ugomvi ulikuwa mkubwa na gazetini uliandikwa sana. Nikikaa bustanini mchana nauhisi ule mng'ao usoni, na naona uchungu kazi nzuri namna ile kuharibiwa na jirani. Hata hivyo bustani ndiyo mahali ninapopapenda kuliko pote mtaani, hasa kupita katikati ya mabamba ya chuma ya mchongaji Richard Serra, ambako sauti ya mtoto hubadilika ghafla akiingia.

Kwa muziki, Meyerson Symphony Center. Jengo ni la msanifu I. M. Pei, lilifunguliwa mwaka 1989, na ukumbi una viti 2,062. Kule juu, kuuzunguka ukumbi, kuna vyumba vitupu vya zege vyenye milango mizito; hufunguliwa au kufungwa kulingana na muziki, ili mwangwi urefuke au ufupike. Kama hakuna kwaya usiku huo, ulizieni viti vilivyo nyuma ya jukwaa. Mtamtazama kondakta uso kwa uso, na kinanda cha mabomba 4,535 kitakuwa mgongoni mwenu. Noti ya chini inapopigwa, unaisikia kwenye ubao wa kiti kabla ya masikio. Mimi nimekulia Mombasa kwenye taarabu, violini nazijua, lakini violini nyingi kiasi kile bila kipaza sauti hata kimoja zilinitoa machozi.

Winspear, nyumba ya opera yenye pipa kubwa jekundu katikati, mie naitumia zaidi kwa kivuli cha paa lake la nje.

Malalamiko ninayo. Majengo yametupiana migongo. Kati ya moja na jingine ni lami, joto na ukimya. Usiku usio na onyesho, barabara ya Flora haina hata muuza kahawa. Watu wote wako Klyde Warren Park, bustani iliyojengwa juu ya barabara kuu mwaka 2012, kwenye magari ya chakula na chemchemi za watoto. Kuleni huko.

Nyota nne kati ya tano, na ya nne naitoa kwa ajili ya Booker T. Washington High School, shule ya sekondari iliyo humu humu mtaani. Ilifunguliwa mwaka 1922 kwa ajili ya watoto weusi, enzi za ubaguzi, na hatua chache kutoka hapo lipo kanisa la St. Paul, ambalo waumini wake wa kwanza, mwaka 1873, walikuwa watu waliotoka utumwani. Tangu mwaka 1976 shule hiyo ni ya sanaa za jukwaani na za kuona. Mwimbaji Erykah Badu alisoma pale, mwimbaji Norah Jones pia, na mpiga tarumbeta Roy Hargrove. Wanafunzi hufanya maonyesho ambayo watu wa nje wanakaribishwa. Mimi nilikwenda kutazama ngoma, na wale watoto wanacheza kwa nidhamu ya watu wazima.

Ni shule ya serikali, na mlango wake ni majaribio ya kipaji. Kina mama wenye mabinti wanaoongoza kwaya kanisani au kaswida madrasa, ulizieni tarehe za majaribio mapema, mwanafunzi akiwa bado darasa la nane.