Discogs: ukiona "Good" usidhani ni nzuri

Nimenunua santuri Discogs, lile soko la santuri la mtandaoni, kwa muda sasa, leo naongelea kitu kimoja tu, zile herufi za kuonyesha hali ya mzigo, maana ndo zinazoliza watu. Mi zilishaniliza, sio Discogs, ni kwa muuzaji mmoja mtandao mwingine kabisa, kaandika G, yaani Good, nikasema aah nzuri hiyo, nikalipa chapchap mtu asije akaniwahi. Imefika, naweka sindano, nasikia mvua ya bati mwanzo mpaka mwisho. Nikamjia juu jamaa, akanijibu kwa upole tu kwamba G ndo hiyo, inacheza mpaka mwisho bila kuruka, basi. Na kweli hakuwa na kosa.

Kumbe zile sio sifa, ni ngazi. Discogs wanafuata mtindo wa Goldmine, jarida la Marekani la wapenda santuri. Juu kabisa M (Mint), yaani haina doa lolote na haijawahi kuchezwa, halafu NM (Near Mint), VG+ (Very Good Plus), VG (Very Good), G+ (Good Plus), G, huko chini F (Fair) na P (Poor) ambazo zimepinda, zimepasuka au zinaruka. Kwahiyo hiyo "nzuri" iko jirani na jalala. VG nayo isikudanganye, kuna mikwaruzo unaigusa kwa kucha unaisikia, na kelele zinajitokeza pale muziki unapopoa. Kwa kusikiliza nyumbani VG+ inanitosha sana. M kwenye santuri iliyofunguliwa huwa nacheka tu, umejuaje haina doa kama hujaicheza, na kama umeicheza si imeshatoka kwenye M? Wauzaji makini wengi wanaishia NM.

Ninachowapendea Discogs ni kwamba sahani na kava vinapewa alama tofauti, maana unaweza kukuta sahani safi ila kava limeliwa na unyevu. Halafu soma maelezo ya muuzaji, angalia kama kaipima kwa macho au kaicheza kabisa. Santuri inaweza kung'aa kama kioo na bado mifereji imekwisha kwa sindano mbovu.

Udhaifu upo, anayetoa alama ni muuzaji mwenyewe. Sio kama kadi za michezo ambazo unapeleka kampuni kama PSA wanaipima 1 mpaka 10 wanaifungia kwenye plastiki ngumu. Mi huwa naangalia kwanza wateja wake wa nyuma wamesemaje, halafu naomba picha ya sahani ikiwa imeinamishwa kwenye mwanga, akianza kuzunguka-zunguka naachana naye.

Na wewe unayekusanya vitu vingi usibebe herufi za huku ukapeleka kule. F kwenye santuri ni Fair, karibu na mwisho. F kwenye vitabu vya zamani ni Fine, karibu na juu kabisa. Kwenye sarafu F ni Fine pia lakini inasimama kwenye 12 kati ya 70, sarafu imetumika mpaka imelika. Herufi ileile jamani.

Discogs nawapa nyota nne. Juzi nimeuza yangu moja humohumo, nikaandika VG japo mkono ulikuwa unaniwasha kuongeza ile +, mnunuzi kaja kuandika kwamba mbona hii ni VG+ kabisa. Hapo nimelala vizuri.