Kitabu cha maisha ya Nelson kutoka duka la mitumba, Jinja

Katika duka moja la vitabu vilivyotumika mjini Jinja nilinunua, kwa shilingi 20,000, kitabu kinene cha Kiingereza kinachosimulia utumishi wa Horatio Nelson katika jeshi la majini la Uingereza. Mwenye duka alinifungulia kurasa za picha moja baada ya nyingine ili nihakikishe hakuna iliyochanwa, kisha akanipa kiti nisome sura ya kwanza bila kunihimiza nilipe. Nampongeza kwa huduma hiyo.

Kinachokipa kitabu hiki thamani ni maelezo yake kuhusu vyeo. Nelson aliingia jeshini mwaka 1771 akiwa na miaka 12, katika manowari ya mjomba wake, Maurice Suckling, na mwaka 1779, akiwa na miaka 20, akawa kapteni kamili. Mwandishi anaeleza vizuri kwa nini hatua hiyo ilikuwa nzito kuliko zote: hadi hapo ofisa alihitaji mtu wa kumshika mkono, na Suckling, aliyekuwa mdhibiti wa jeshi la majini kuanzia 1775 hadi alipofariki 1778, aliweza kumfungulia njia; lakini akishakuwa kapteni kamili, mtu alipanda kwa zamu tu, kadiri waliomtangulia kwenye orodha walivyopandishwa au kufa. Ndiyo maana Nelson, shujaa wa vita vya baharini vya Trafalgar, aliuawa humo mwaka 1805 akiwa makamu admirali, bila kukifikia cheo cha admirali kamili.

Kasoro yake inaniuma. Miaka ya 1787 hadi 1793, Nelson alipokaa nchi kavu kwa nusu mshahara akiomba kupewa meli, imepewa kurasa chache mno, ilhali humo ndimo tabia ya ofisa inapopimwa.

Sura ya vita vya Mto Nile, vilivyopiganwa katika Ghuba ya Aboukir, Misri, tarehe 1 Agosti 1798, itawavutia wasomaji wa Jinja, kwa kuwa mto huo unaanzia hapa kwetu. Tunaona jinsi baadhi ya manowari za Uingereza zilivyopenya kati ya Wafaransa waliotia nanga na maji ya kina kifupi, upande ambao mizinga haikuwa imeandaliwa, hata manowari kubwa 11 kati ya 13 zikatekwa au kuangamizwa. Ramani yake, hata hivyo, ni ndogo kiasi kwamba tarakimu za kina cha maji hazisomeki.

Nakala nyingine imebaki rafuni. Mshono wake umelegea, kwa hiyo ikague kabla ya kulipa.