Planet Zoo: simba dume mnene, watoto hakuna. Kwa nini?

Mambo vipi wadau, wa hapa Chuga, yaani Arusha, na mlio mbali, karibuni. Leo picha na majengo tunaviweka kando. Tunachambua kitu kimoja tu ndani ya Planet Zoo, gemu ya kuendesha bustani ya wanyama kutoka kampuni ya Frontier, iliyotoka Novemba 2019 kwenye kompyuta na Machi 2024 kwenye konsoli: uwezo wa dume kuzalisha.

Tazameni hapa kwenye skrini. Nimebofya simba dume. Panafunguka ukurasa wa jeni zake, vipimo vinne kwa asilimia: ukubwa wa mwili, miaka ya kuishi, kinga ya magonjwa, na uzazi. Mwili anao, sharafa imejaa, sokoni angegombaniwa. Sasa shuka kwenye uzazi. Umeona? Uko chini mno. Huyu utamweka na jike, miaka ya gemu itakatika, na utaishia kuilaumu kompyuta bure. Wengi wananunua kwa umbo, wakati namba inayolipa ni hii.

Namba hiyo hairekebishwi kwa chakula wala kwa daktari. Mnyama amezaliwa nayo, kairithi kwa wazazi. Kwa hiyo kabla hujamleta jike, fungua sehemu ya kulinganisha wenza, uone watoto wanaweza kutoka vipi. Na ukiona ni ndugu, acha kabisa. Ndugu wakizaana, watoto wanashuka uzazi na kinga kwa pamoja, na ukiendelea hivyo vizazi viwili vitatu umeua ukoo.

Hapo gemu nimeivulia kofia, maana haijabuni. Twende hapo juu Ngorongoro. Mwaka 1962 nzi wanaouma walifurika Kreta, simba wakapukutika wakabaki kama kumi hivi. Madume wachache wakaingia kutoka nje, baada ya hapo wageni wakawa adimu, wenyeji wakazaana wao kwa wao. Watafiti walipokuja kupima mbegu za madume miaka ya 1980, wa Kreta walikutwa na mbegu nyingi zaidi zenye kasoro ya umbo kuliko wenzao wa Serengeti. Umbali kati yao ni mdogo tu, jamani!

Gemu inapopwaya ni hapa: kwenye gemu uzazi wa dume ni kama namba ya kitambulisho, haubadiliki mpaka uzee umfikie. Mfugaji yeyote wa Tengeru atakucheka. Fahali akipata homa kali leo, anaweza kupanda vizuri tu na ng'ombe wasishike, maana mbegu huchukua karibu miezi miwili kutengenezwa na joto huziharibu njiani. Ndiyo maana fahali hupimwa mzunguko wa korodani kwa utepe, na mbegu zake zinawekwa chini ya hadubini. Kwenye gemu homa inapita, uzazi uko palepale.

Halafu uhamilishaji, yaani kumpandikiza jike mbegu bila dume kumpanda, haumo kabisa. Sisi tuna kituo cha taifa cha uhamilishaji, NAIC, hapo Usa River, mbegu za fahali zinagandishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, zinasafiri nchi nzima bila fahali kutoka bandani. Kwenye gemu lazima umsafirishe mnyama mzima.

Kuhusu intaneti, niseme haraka: kubadilishana wanyama na wachezaji wengine kunataka bando muda wote. Kama mtandao wa kwako ni wa kubahatisha, cheza zile hali za nje ya mtandao.

Dume mwenye jeni mbovu usimwuze kwa hasira. Mwekee kizuia mimba mapema, kabla hajakomaa. Wageni wanalipa kumtazama vilevile.

Kwa upande wa uzazi naipa saba kwa kumi. Moja nimekata kwa uhamilishaji, mbili kwa ile homa isiyoacha alama. Kompyuta iwe na RAM ya GB 8 kwenda juu, chini ya hapo usijisumbue kuipakua.