Okidi za maua makubwa: ipi ununue ukiwa Mtwara au Lindi

Joto la pwani yetu haliziui okidi. Zinakufa kiangazi, kusi likikausha mizizi, au mwenyewe akiogopa ukavu hadi akazidisha maji. Basi kabla ya kununua jiulize: utaweza kumwagilia mara ngapi?

Namba moja tunaipa katleya. Ua lake hufikia sentimita 15, na mashina yake manene huhifadhi maji, hivyo siku nne bila kumwagiliwa haziisumbui. Chagua yenye mashina manne au zaidi, na chipukizi linaloanza kutoa mizizi. Yenye shina moja itakusubirisha miaka. Panda kwenye chungu chenye matundu, upana sentimita 12 hadi 15, kwa mkaa na makumbi ya nazi nusu kwa nusu, vipande vya sentimita 2 hadi 3. Makumbi yana chumvi: yaloweke siku mbili na kubadilisha maji mara tatu, la sivyo ncha za mizizi zitaungua na kuwa nyeusi. Iweke ipate jua la asubuhi hadi saa nne, kisha kivuli chepesi. Majani yakiwa kijani kilichokolea sana, mwanga hautoshi na ua hulioni. Yanatakiwa kijani chenye umanjano kidogo. Mbolea ya NPK 20-20-20, robo kijiko cha chai kwa lita moja ya maji, mara moja kwa wiki inapochipua.

Vanda inapenda joto kuliko zote, ila haina akiba ya maji. Huning'inizwa mizizi wazi, na kila asubuhi unaimwagilia mpaka mizizi igeuke kutoka rangi ya fedha kuwa kijani. Kiangazi, mara mbili kwa siku. Kama bomba lenu hukatika, iache. Ukikuta shina limepukutika majani ya chini, ilishinda na kiu huko ilikotoka.

Falenopsisi ni ya barazani, isipigwe na jua la mchana. Hutoa kikonyo cha maua usiku ukipoa, kwetu Juni hadi Agosti. Maji yakilala katikati ya majani, moyo unaoza. Nyingi huuzwa mizizi ikiwa imefungwa kwa sfagnamu yenye unyevu (mimea midogo laini inayoshika maji kama sifongo). Maua yakiisha, itoe sfagnamu yote.

Simbidiamu usinunue, hata ikiwa na maua dukani. Inahitaji usiku wa baridi ya nyuzi 10 hadi 15; hiyo waachie watu wa Njombe.