Hema la kujificha kupigia picha ndege bustanini, linafaa?

Wengi mmeniuliza kuhusu hili hema la rangi za majani nililoweka nyuma ya nyumba hapa Usa River, Arusha, basi ngoja niseme ukweli. Kulifungua ni fasta, linajitanua lenyewe, ila kulikunja tena jamani, tafuta mtu wa kukusaidia. Zipu ndo shida kubwa, ina kelele, mnana wakiisikia tu wote wamepaa, mi dirisha naliacha wazi natundika wavu mbele. Kitambaa nacho chembamba, upepo ukivuma kinapigapiga mpaka ufunge kamba na mawe kwenye kona. Na mchana humo ndani ni oveni, ingia alfajiri utoke jua likipanda.

Lakini kazi linafanya. Ndege wanaogopa zaidi kitu kinachotembea kuliko kilichotulia, kwa hiyo lisimamishe uliache siku kadhaa walizoee ndo uanze kuingia. La kwangu jua la asubuhi linakuwa mgongoni, mbele kuna mshubiri wenye maua, chozi, vile vindege vinavyofyonza maua, hawakosekani pale, na beseni la maji lenye kijiti pembeni, mita 4 hivi kutoka kwenye hema, maana lenzi ndefu nyingi hazishiki fokasi ya kitu kilicho karibu sana.

Kama kiwanja ni chako na unapata matete, mwite fundi akujengee kibanda, kitadumu kuliko hili. Sisi wa nyumba za kupanga tuchukue tu hema, ila ulizia lenye dirisha la vifungo badala ya zipu.